Leso haipimi damu

Nilikwenda Lamu kwa wiki tatu na begi la kilo 23, nusu yake vifaa nilivyonunua kwa mshahara wangu wa uuguzi wa Birmingham, Uingereza: mashine mbili za presha, vipimajoto, na vidude vya kubana kidole vya kupima oksijeni. Walio ughaibuni wanaijua raha ya kufungua begi ukumbini, mama akiita majirani. Kabla sijamaliza kulifungua, nusu ya mtaa wa Langoni ilikuwa imekunja mikono ya kanzu ipimwe presha.

Mdogo wangu, muuguzi mkunga kwenye zahanati moja upande wa kisiwa cha Pate, alivipokea vitu, akashukuru, akaviweka kando kwa adabu. Kisha akaniambia kwa Kiswahili cha kwetu Lamu, "Kesho ndoo zahanati, dada. Nina kitu nitakuonyesha."

Safari ya kwenda kwake haina saa yako wewe, ina saa ya bahari. Tulitoka alfajiri maji yakijaa, maana yakishatoka, pale Mkanda chombo hukaa kwenye tope mkatazamana na mikoko mpaka jioni. Mwenye kusoma haya aliyezoea kusikia "gari la wagonjwa" aweke hilo akilini: mama mwenye uchungu huku kwetu naye hungoja maji.

Kitu chenyewe kilikuwa mfuko wa plastiki.

Sitanii. Plastiki nyeupe, ya kuonea, iliyokunjwa vizuri ndani ya pakiti. Mtoto akishatoka, inatandikwa chini ya mama, na ncha yake inaning'inia ukingoni mwa kitanda kama mfuko. Damu yote inatiririkia humo. Mfuko una mistari ya mililita kama kikombe cha kupimia unga, na miwili ndiyo yenye maneno: 300 na 500. "Wa kwanza waniambia fungua mato," mdogo wangu alisema. "Wa pili waniambia usingoje mtu."

Akanitazama kwa jicho la kuchokoza. "Hii yatoka kwenu. Hukuiona?"

Sikuiona. Utafiti ulioutia nguvu mfuko huo, uitwao E-MOTIVE, uliongozwa na Chuo Kikuu cha Birmingham pamoja na Shirika la Afya Duniani. Mnara wa saa wa chuo hicho nauona dirishani kila nikipanda treni ya kwenda mjini. Ikabidi nipande ndege mbili na boti mbili nije nifundishwe na mdogo wangu kitu cha jirani.

Utafiti wenyewe ulifanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Tanzania na Afrika Kusini, kwa wanawake zaidi ya 200,000, na matokeo yalitoka 2023. Hospitali zilizotumia mfuko pamoja na matibabu yaliyofungwa fungu moja ziliona waliovuja damu kupita kiasi, waliopasuliwa tumbo kwa sababu yake au waliokufa kwayo wakipungua kwa asilimia 60. Hilo "fungu moja" si jambo dogo. Sisi tulifundishwa kwenda kwa zamu: kanda mji wa mimba, ngoja, piga sindano ya kuukaza, ngoja, damu haijakoma, jaribu kingine. Sasa vyote vinafanywa papo hapo: kukanda, sindano ya kukaza, dawa ya kuilinda damu iliyoganda isiyeyuke, dripu, na kutazama inatoka wapi. Na penye mfuko, wauguzi walitambua asilimia 93 ya waliokuwa wakivuja. Penye utaratibu wa kawaida walitambua 51. Nusu, yaani. Nusu nyingine walikuwa wanavuja mbele ya watu waliosomea kazi hiyo.

Na mimi nilikuwa mmoja wa watu hao. Nikisoma uuguzi Pwani tulikisia kwa macho. Mama yuko juu ya mpira wa kitandani, juu ya mpira kuna leso (kanga) yake aliyokuja nayo, taa yenyewe inafifia. Unainua leso, unaipima kwa mkono, unaandika "takriban 300". Leso ikinyonya damu haikwambii imenyonya kiasi gani, na leso nyekundu ndiyo haisemi kabisa. Leso ina jina, yaani methali yake, haina mililita. Kuna usiku mmoja wa mwaka wangu wa pili ambao niliandika 300 na mpaka leo nikiukumbuka nafunga macho. Yule mama alipona, alhamdulillahi, lakini si kwa sababu ya hesabu yangu.

Sindano ya kukaza mji wa mimba, oksitosini, nayo inataka kukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Mdogo wangu ana friji ya sola, na anailinda kama mtu alindavyo dhahabu ya harusi. Kuna dawa nyingine, kabetosini isiyoharibika kwa joto, iliyojaribiwa kwa karibu wanawake 30,000 katika nchi 10, matokeo yakatoka 2018. Hiyo inavuka bahari ndani ya mkoba wa kawaida. Hana.

Nikarudi kwenye vifaa vyangu. Nikachukua kile kidude cha kidoleni, nikamwambia hiki angalau utakitumia. Akacheka. "Hivi ninavyo. Lakini vyapigana na piko." Bibi arusi wa Lamu huja na piko mpaka kwenye kucha, nyeusi ti, na kidude kinapitisha mwanga mwekundu na mwanga usioonekana kwenye kidole kisha kinasoma kilichovuka. Piko ikiuzuia, mashine inavuta namba, inavuta, inakataa. Yeye hukibana kwenye ncha ya sikio. Hakuna mwongozo nilioupata Uingereza uliowahi kunitajia piko.

Hapo nikamweleza jambo ambalo sikuwahi kumweleza kwa simu. Kifaa hiki ni uvumbuzi wa Mjapani Takuo Aoyagi, mwaka 1974, na kimeokoa watu wasiohesabika. Lakini rangi ya ngozi nayo inaingilia ule mwanga. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani walilinganisha namba ya kidoleni na ile ya damu yenyewe iliyotolewa kwenye mshipa. Kwa wagonjwa weusi ambao kidude kilionyesha wako sawa, karibu asilimia 12 walikuwa na oksijeni ya chini kwa kiwango cha hatari. Kwa weupe haikufika 4. Niliisoma habari ile baada ya zamu, nikamkumbuka mzee mmoja wa Kijamaika katika wadi yetu: kioo kinasema 94, yeye anahema kama aliyepanda mlima. Niliitisha kipimo cha damu kwa sababu ya uso wake, si kwa sababu ya namba. Kipimo kikanipa haki.

Mdogo wangu alinyamaza. "Kwa hivyo wewe una mweusi mmoja kati ya kumi," akasema, "mimi wote ni weusi. Na hicho kipimo cha damu sina." Sikuwa na jibu. Alichukua kalamu akabandika kikaratasi ukutani juu ya kidude: *tizama kifua*.

Nilidhani basi tumekubaliana kwamba mashine si kila kitu, nikaanza kuisifu kazi ya kalamu na karatasi. Nikamwambia huko Uingereza kila muuguzi anasukuma kompyuta yenye magurudumu kama hamali na mkokoteni wake. Unaingiza pumzi, oksijeni, presha, mapigo, joto, kama mgonjwa ana fahamu zake. Mashine yenyewe inajumlisha alama ya kuonyesha mgonjwa amezidiwa kiasi gani. NEWS2 wanaiita, ilianza 2012 na ikarekebishwa 2017. Ikifika 5 daktari aje haraka, ikifika 7 ni mbio. Inaokoa watu, sikatai, nimeiona ikimwamsha daktari kwa mgonjwa ambaye sote tulimwona amelala salama. Lakini zamu yangu ni saa kumi na mbili, na zipo siku najua kioo kilipasukia pembe gani kuliko ninavyojua macho ya wagonjwa wangu yana rangi gani.

Nikamsimulia pia usiku ambao mfumo wetu ulizima. Si shambulio la kompyuta kama lile la WannaCry la Mei 2017, lililozima kompyuta za hospitali nyingi Uingereza na kufuta maelfu ya miadi; ulizima tu, kama stima. Ikatolewa boksi la karatasi kabatini. Vijana waliosomea kwenye kioo wakawa wanazishika karatasi zile kama wameshikishwa ramani ya kale. Mimi na Mfilipino mmoja tuliolelewa na kalamu tukawa ndio walimu usiku kucha, tukichora mistari ya joto na mapigo. Nilitembea na kifua mbele mpaka asubuhi.

(Na msidhani Uingereza yote iko mwezini. Mwaka 2018 hospitali za huko zilihesabiwa zikakutwa na mashine za faksi karibu 9,000, mpaka waziri akakataza kununua mpya. Daktari wangu wa zamu angali ana peja kiunoni, kidude cha zamani cha kuitia watu, kinacholia kama kifaranga. Mama yangu, anayelipa maziwa kwa simu, hakuniamini.)

Mdogo wangu alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua kabati. Rejista ya wajawazito. Ya kujifungua. Ya chanjo. Ya uzazi wa mpango. Ya wagonjwa wa nje chini ya miaka mitano, na ya walio juu yake. Madaftari marefu kama mbao za chuo. "Jina moja naliandika mara nne," akasema. "Mwisho wa mwezi nakaa hapa najumlisha vijistari, wanawake wako bechini waningoja, ili hesabu ipelekwe ikatiwe kwenye kompyuta." Hiyo kompyuta ni mfumo wa taifa wa takwimu za afya, ambao Kenya iliueneza nchi nzima tangu 2011, na ni mfumo mzuri, lakini njia ya kuufikia kutoka kwenye meza yake ni kalamu. "Wewe wachoka na kioo. Aliyeshiba hamjui mwenye ndaa. Niletee mimi hicho kioo, halafu nitakuja kukulalamikia."

Nikanyamaza mimi.

Na anayoyasema si ndoto. Yule mama mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chake, kama wenzake nchi nzima tangu 2023, ana simu ya kazi na mkoba wenye mzani na mashine ya presha. Anapita nyumba kwa nyumba, anaandika mimba na watoto kwenye programu. Mtandao ukipotea, na kule unapotea sana, simu inashika taarifa mpaka akifika penye mtandao izitume yenyewe. Aliyeibuni alijua Afrika kukoje. Tofauti na mfumo mmoja wa malipo ambao nilishuhudia siku ile ile ukituma nambari ya siri kwa bibi mmoja wa miaka sabini na kitu. Nambari ilikwenda kwenye simu iliyosajiliwa, na simu ilikuwa na mjukuu, na mjukuu alikuwa baharini Kiwayu akivua. Bibi akakaa kivulini kumngoja. Nilipoondoka alikuwa angali amekaa.

Tuligombana mara moja tu, kwa ajili ya WhatsApp. Mvuvi aliletwa mguu umevimba, kachomwa na mwiba wa samaki taa. Mdogo wangu akapiga picha, akamtumia daktari aliye Lamu mjini, na jibu likarudi kabla petroli ya boti haijatafutwa: safisheni hivi, dawa hii, asivuke leo. Ilikuwa kazi safi. Lakini picha ilimchukua mvuvi mzima, uso na kila kitu, na nyuma yake kuna rejista imefunguliwa, majina yanasomeka. Nikamwambia huko kwetu ningefukuzwa kazi kwa picha hii, na hapa pia kuna sheria ya kulinda taarifa za watu tangu 2019. Akawaka. "Kwa hivyo nimvushe usiku kwa petroli ya elfu ngapi, kwa ajili ya uso?" Nikasema sikusema usipige picha, nimesema piga mguu. Hakunijibu. Turudipo kwenye boti alikaa mbele, mimi nyuma.

Ile mifuko ya plastiki aliipata kwenye mafunzo, na kila mmoja ni wa kutumia mara moja. Siku niliyoiona zilikuwa zimebaki pakiti tatu. Nimeuliza Birmingham bei yake. Ni kitu cha bei ya chini, chini mno ya vidude nilivyojaza kwenye begi langu.

Wiki iliyopita, saa tisa usiku kwangu, saa kumi na moja alfajiri kwake, simu ilitetemeka mfukoni nikiwa zamu. Nilingoja mpaka mapumziko. Ilikuwa picha: ncha ya plastiki ikining'inia, damu imepita kidogo mstari wa 500 na kukoma hapo, na kidole chenye glavu kikiuonyesha mstari. Hapana uso, hapana jina, hata leso haionekani. Chini yake ameandika: "Wote wazima. Imebaki moja."