Nyanya na mhubiri wa 1957

Jana jioni nimevuka feri kwenda Likoni kumwona nyanya. Nikamkuta barazani, kanga begani, anachambua mchicha. Nikamuuliza habari za mkutano wa mhubiri Mmarekani T. L. Osborn hapa Mombasa, 1957. Mikono ikasimama. "Mjukuu wangu, nilikuwa kigori. Tulisimama mpaka miguu ikafa ganzi, na hakuna aliyetaka kuondoka."

Kinachonigusa mimi ni kwamba Osborn alikwenda kuhubiri India 1945 na mkewe Daisy, vijana wabichi kabisa, wakarudi kwao wamevunjika moyo. Miaka 12 baadaye yuko Mombasa anaombea wagonjwa, na kijana Joe Kayo anaokoka papa hapa, yule aliyekuja kuanzisha kanisa la Deliverance Church. Kama angekata tamaa je?

Naamini Mungu anaponya. Nyanya pia anaamini, na dawa zake za presha anameza kila asubuhi bila kukosa. Hilo namheshimu sana.

Nilipoaga alinishika kichwa kwa kiganja chenye harufu ya mchicha, akaniombea kwa sauti ndogo. Mpaka feri inatia nanga ng'ambo, bado nilikuwa nalisikia lile joto utosini.