Lori, bajaji na simu ya mhadhiri

Lori la mchanga limegongana uso kwa uso na bajaji. Je, (A) lori limeisukuma bajaji kwa kani kubwa zaidi, (B) bajaji imelisukuma lori kwa kani kubwa zaidi, (C) kani hizo mbili zinalingana, au (D) hatuwezi kujua mpaka tuambiwe mwendo wa kila chombo?

Nafundisha fizikia ya mwaka wa kwanza katika chuo kikuu kimoja hapa Dar es Salaam, na swali hili nalipenda kuliko mlinganyo wowote ulio kwenye slaidi zangu. Wanaokaa mbele yangu wametoka kidato cha sita, wengi wao PCM (fizikia, kemia na hisabati). Waambie wataje kanuni ya tatu ya Newton, wataighani kwa sauti moja: kila kani ina kani nyingine inayolingana nayo na kuelekea upande wa pili. Wape lori na bajaji, zaidi ya nusu wanachagua A. Jibu ni C. Bajaji inapondeka kwa sababu tungamo lake ni dogo, hivyo kani ileile inaipa mchapuko mkubwa zaidi, yaani mwendo wake unabadilika ghafla zaidi. Lakini aliyewahi kuona ajali ya namna hiyo Barabara ya Mandela haoni kwa nini aamini C.

Katika mhadhara wa kawaida hutajua kwamba wanafikiri hivyo. Ukumbi una watu zaidi ya mia tatu. Ukiuliza "kuna swali?", wanaonyoosha mkono ni walewale wa safu ya mbele, na wengine wanakutazama kwa adabu. Ukweli unakuja kuupata wakati wa kusahihisha mtihani, na hapo umeshachelewa.

Njia ninayotumia asili yake si yangu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Eric Mazur, profesa wa fizikia wa Harvard, aliwapa wanafunzi wake mtihani wa maswali mepesi ya dhana, yasiyo na hesabu. Mwanafunzi mmoja akamuuliza ajibu vipi: kama alivyofundishwa, au kama anavyofikiri mwenyewe? Mazur akabadilisha ufundishaji wake. Anatoa swali la kuchagua, kila mmoja anapiga kura peke yake, kisha wanajadiliana na jirani, kisha wanapiga kura tena. Waliopata wakiwa chini ya asilimia 30 hivi, anarudi kufundisha, maana hakuna wa kumsaidia mwenzake. Wakizidi asilimia 70, anaeleza kidogo na kusonga mbele. Wakiwa katikati, anawaachia wabishane.

Kwenye karatasi ni rahisi. Shida ni kura yenyewe. Harvard walifika mahali pa kutumia vidude maalumu vya kubonyeza, na bei ya vidude hivyo kwa watu mia tatu hakuna idara ya kwetu itakayoisaini. Programu za kupigia kura kwa simu zipo nyingi na ni nzuri, ila zinataka kila mwanafunzi awe na simujanja, chaji na bando. Wiki ambayo bumu (pesa ya mkopo wa wanafunzi) limeingia, kila mtu yuko mtandaoni. Wiki ambayo bumu limechelewa, nusu ya ukumbi haimo, na wasiomo ndio hasa niliotaka kuwasikia. Wapo pia wenye kiswaswadu, na hawapendi kutangaza. Programu zinazotoa pointi kwa anayejibu haraka nimeziacha kabisa. Zinachangamsha, na muziki wake unaamsha hata waliosinzia, lakini zinamlipa anayekisia upesi, wakati ninayemtafuta mimi ni yule anayesita.

Kilichonifaa ni kadi za karatasi. Kuna programu inaitwa Plickers: unachapa kadi, kila moja ina mchoro wake mweusi wa mraba usiofanana na mwingine, na pembeni pameandikwa A, B, C na D kwa herufi ndogo. Mwanafunzi anaigeuza kadi ili herufi aliyoichagua iwe juu, anainyanyua. Mimi napitisha kamera ya simu yangu, na simu inasoma kadi zote zinazoonekana na kuniandikia nani amejibu nini. Intaneti inayohitajika ni yangu peke yangu. Jirani hawezi kuona kirahisi umechagua nini, maana herufi ni ndogo na michoro haifanani, na kwa mwanafunzi mwenye haya hilo ni jambo kubwa.

Seti kubwa ya kadi hizo ni 63, kwa hiyo niligawa ukumbi katika makundi ya watu watano au sita, kila kundi kadi moja. Nilizichapa kubwa, A4 nzima, kwenye manila, kwa sababu kamera ya simu ya kawaida haifiki safu za nyuma ukisimama mbele. Hata hivyo inabidi nipande ngazi za ukumbi nusu safari. Usizipake plastiki ya kung'aa: taa za dari zinaakisi na simu haisomi kitu.

Kwa kuwa kadi ni ya kundi, kura ya mtu mmoja mmoja imehamia kwenye daftari. Swali likitokea ukutani, dakika ya kwanza ni ya kimya. Kila mtu anaandika herufi yake kwa kalamu ya wino na kuizungushia duara, na nikizunguka natazama kama ipo. Nalishikilia hilo kuliko yote, kwa sababu mtu asipojifunga kwa jibu lake kwanza atamsubiri anayejulikana kuwa ana akili darasani, na mjadala utakuwa wa kuitikia tu. Baada ya hapo naruhusu maneno.

Hapo ndipo ukumbi unapobadilika. Mhadhara ni wa Kiingereza kama sheria za chuo zinavyotaka, lakini nikisema "haya, zungumzeni", Kiswahili kinafumuka kutoka pande zote. Watu ambao mwezi mzima sijawahi kusikia sauti zao wanabishana kama wako kijiweni. "Sasa kama zinalingana, mbona lori halijarudi nyuma?" "Limerudi, ila hujaona, lina tani ngapi lile?" Huyo wa pili ameeleza kanuni ya pili ya Newton, ile ya tungamo na mchapuko, vizuri kuliko slaidi yangu, na ameieleza kwa mtu ambaye alihitaji kuisikia kwa maneno hayohayo. Mimi napita nikisikiliza. Nikisikia hoja nzuri namwomba mwenyewe airudie kwa ukumbi mzima, kwa lugha yoyote anayotaka.

Kisha kadi juu. Grafu ya kura siionyeshi mpaka nimeuliza sababu za kila jibu, na jibu lisilo sahihi nalitetea mimi mwenyewe kwa nguvu zote. Ukionyesha kwamba wengi wamechagua A, wa C watahama kimyakimya hata kama walikuwa sahihi. Wanafunzi wetu wamelelewa kuheshimu wengi.

Gharama yake ni muda. Swali moja likifanyika ipasavyo linakula dakika kumi au zaidi, na mtaala haupungui. Kwa hiyo sehemu ya kusoma nimeihamishia nje ya ukumbi, kwa njia ya WhatsApp. Siku mbili kabla ya kipindi natuma kurasa chache za kusoma na maelezo ya sauti mafupi, kwa sababu sauti inakula bando kidogo kuliko video, tena inasikilizwa kwenye daladala. Pamoja navyo natuma fomu fupi yenye swali moja la msingi: ni kipi hujakielewa? Majibu nayasoma usiku, na maswali ya kesho yake yanatokana nayo. Ushauri kwa anayetaka kuiga: funga kundi hilo la WhatsApp, wanaoandika wawe wewe na CR (mwakilishi wa darasa) tu. La sivyo swali la mzunguko wa umeme litazikwa chini ya michango ya harusi na mtu anayeuza pasi. Wasio na simujanja CR huwatolea nakala, na jibu la "sijaelewa" wanamtumia kwa meseji ya kawaida.

Katika maabara simu imenipa furaha zaidi, maana vifaa vyetu ni vya kupangia foleni. Chuo kikuu cha RWTH Aachen huko Ujerumani kimetengeneza programu ya bure iitwayo phyphox, inayogeuza vihisi vya simu kuwa vipimo, na ukishaipakua haihitaji intaneti. Ndani yake mna saa inayoanza ikisikia sauti kubwa na kusimama ikisikia ya pili. Simu mbili zinatosha kupima mwendo wa sauti. Ziweke mita 5 kutoka moja hadi nyingine. Aliye kwenye simu ya kwanza anapiga kofi, saa zote mbili zinaanza, ila ile ya mbali inachelewa kidogo kwa kuwa sauti inasafiri. Kisha wa upande wa pili anapiga kofi, na safari hii inayochelewa kusimama ni ile ya kwanza. Ukitoa muda mmoja kwenye mwingine unabakiwa na muda wa sauti kwenda mita 10, yaani sekunde 0.029 hivi. Kwa nini 10 wakati tumepima 5? Swali hilo siwajibu. Wamelibishania kwenye vimbweta mpaka giza.

Majibu ya makundi yalitawanyika, bila shaka. Lakini yakijumlishwa, wastani ulikuwa juu ya mita 343 kwa sekunde iliyo kwenye vitabu, na wengi walikuwa tayari kufuta namba zao na kuandika ya kitabu. Nikawauliza kitabu kile kilipima wapi. Namba ya 343 ni ya hewa yenye nyuzi 20. Mchana wa Dar ukiwa na nyuzi 30, sauti hukaribia mita 349. Kuanzia hapo kufuta namba kulipungua, na kila ripoti ikawa inaanza na joto la siku hiyo.

Kwa umeme tunatumia PhET, maabara za kwenye skrini za Chuo Kikuu cha Colorado, zilizoanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya fizikia ya mwaka uliotangulia. Zinapakuliwa kama faili na kufunguka bila mtandao, wanarushiana kwa Bluetooth, na baadhi zimetafsiriwa kwa Kiswahili. Sharti langu ni moja: andika unachotabiri kabla hujagusa swichi.

Mazoezi ya nyumbani yamekuwa mtihani wangu mimi tangu ChatGPT ifike. Majibu yalianza kuja safi kupita kiasi, yakifanana mpaka mpangilio wa aya. Sikutangaza vita. Siku hizi zoezi ni kutunga: kila kundi linaandika swali la kuchagua kutoka maisha ya hapa mjini, lenye majibu matatu yasiyo sahihi ambayo mtu mwenye akili timamu angeyaamini. Hapo wananishinda kwa mbali. Mimi nimesahau jinsi mtu asiyejua fizikia anavyofikiri, wao walikuwa hukohuko juzi.

Muhula uliopita kundi moja lilileta swali la konda. Daladala inakwenda kwa mwendo usiobadilika kwenye barabara iliyonyooka, konda anarusha sarafu juu wima. Itamwangukia mkononi, nyuma yake, au mbele yake? Jibu walilolitarajia ni mkononi, na mimi nililipitisha. Kadi ziliponyanyuliwa, makundi mengi ya nyuma ya ukumbi yalichagua "nyuma yake". Nikajiandaa kueleza upya kanuni ya kwanza ya Newton, kwamba kitu kinachokwenda huendelea na mwendo wake mpaka kani ikibadilishe. Msemaji wao akasimama: "Mwalimu, madirisha yako wazi, upepo unaingia. Sarafu ni nyepesi." Ukabishaniwa uzito wa sarafu ya shilingi 50 dhidi ya ile ya 200, na kasi ya upepo katika gari linalokwenda Mbagala. Mwishowe watunzi wakakubali kurekebisha swali, wakaandika "madirisha yote yamefungwa".

Mkono mwingine ukanyooshwa: "Daladala gani hiyo?"