Ukuta wa Opelousas: mkono wa Chenier haubanduki tena

Siku 41 bila chumvi kwenye mchoro wangu wa ukutani hapa Opelousas, Louisiana! Leo asubuhi nimepitisha kiganja ukutani, pale pale kwenye mkono wa kulia wa Clifton Chenier, mfalme wa zydeco, muziki wa dansi wa Wakrioli weusi wa Louisiana, nikakigeuza kukitazama. Kisafi. Hakina hata chembe ya ule unga mweupe wa chumvi uliokuwa ukitoka kwenye matofali na kuibandua rangi. Nimeketi chini kwenye majani nikampigia mama simu Mombasa, nikamwambia, "Mama, umekauka." Akajibu, "Alhamdulillahi, si nilikwambia?"

Tangu niliposimulia mara ya mwisho, upande wa kushoto umekamilika: Amédé Ardoin na kodiani yake, Dennis McGee na fidla, Mkrioli mweusi na Mkajuni mzungu, wanamuziki wa jamii mbili za Louisiana zenye asili ya Kifaransa, kama walivyokaa pamoja kurekodi mwaka 1929. Upande huo haukunisumbua hata siku moja. Ni huu wa kulia, wa Chenier na kodiani yake kubwa ya funguo za piano, aina ile ile tuijuayo kwenye taarab. Huu umenila miezi mitatu.

Nilipaka praima, ile rangi ya msingi, nikapaka akriliki, rangi inayokauka kama ngozi ya plastiki, nikafurahi. Siku ya kumi, malengelenge. Nilitoboa moja kwa msumari, likatoka tone la maji, nikaonja: chumvi. Ngozi ya rangi ikaja mkononi pamoja na funguo tatu za kodiani. Nikapiga msasa, nikarudia. Ikabanduka. Nikaosha ukuta kwa maji mengi nikidhani ninaitoa chumvi. Kosa kubwa, maana maji yanaiyeyusha na tofali linainywa tena. Chumvi ya ukutani hupigwa brashi kavu, ikafagiliwa, ikatupwa mbali. Halafu dukani nikashauriwa dawa ya kuziba ukuta. Hiyo ndiyo iliyonitoa machozi: kipande cha ukubwa wa sinia kilidondoka kikiwa kimeng'oa na uso wa tofali. Tafadhali, msizibe ukuta unaotoa jasho.

Ndipo nikafanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya siku ya kwanza. Nilibandika kipande cha nailoni kwenye matofali, kingo zote nikaziba kwa utepe, nikakiacha usiku kucha. Unyevu ukiwa nje ya nailoni, ni hewa ya Louisiana tu. Wangu ulikuwa ndani, matone yamejipanga kama kwenye kifuniko cha sufuria. Maji yalikuwa yanatoka ukutani kwenyewe.

Nikaanza kuchunguza mapengo kati ya matofali. Kushoto yamejazwa chokaa ya zamani, laini, unaikwangua kwa kucha. Kulia kuna fundi, miaka mingi nyuma, aliyaziba kwa saruji. Mvua inayoingia haipati njia kwenye saruji, basi inatokea kwenye uso wa tofali na kuiacha chumvi yake chini ya rangi yangu. Nilipomweleza mama, hakunyamaza hata kidogo: "Kwani si kama ukumbi wa bibi yako?" Nyumba ya Mji wa Kale, kuta za mawe ya matumbawe, lipu ya saruji iliyokuwa ikianguka kila masika hadi mzee mmoja akaikwangua yote na kurudisha chokaa. Nimekulia ndani ya jibu.

Wiki tatu nimechokonoa saruji kwa nyundo na patasi. Grinda sikuitaka, inakata kingo za matofali na hakuna anayeweza kuzirudisha. Nikajaza chokaa na mchanga, nikafunika kwa magunia yaliyolowa ili jua lisiikaushe haraka. Rangi nimehamia silikati, rangi ya madini. Haifanyi ngozi, inashikana na tofali lenyewe na kuacha mvuke upite. Ni ghali, nyekundu zake zimepoa mno kwa ladha yangu, na haikubali kukaa juu ya akriliki, hivyo kila kitu cha zamani lazima king'oke. Lakini sirudi nyuma. Ipakeni kwa brashi pana ya nywele ngumu, msugue kwa kukatiza huku na huku.

Chini ya kodiani nimeandika *les haricots sont pas salés*, maharagwe hayana chumvi, maneno ya nyumba zilizokosa nyama ya chumvi ya kuungia, ambamo wengi wanasema ndimo lilimotoka jina zydeco. Mzee mmoja jirani, anayekuja kila jioni na kiti chake, ndiye aliyenisahihishia herufi. Shuleni aliadhibiwa kwa lugha hiyo hiyo; katiba ya Louisiana ya 1921 ilikuwa imekifungia Kifaransa nje ya madarasa. Mkenya yeyote aliyevishwa kibao shingoni kwa kusema lugha ya mama ataelewa kwa nini niliyapanua maneno hayo hadi upana wa mita tano.

Awali niliahidi kuuzungushia mchoro pambo la kamba, wale wadudu wa majini wanaoliwa; hilo nimeliacha. Nina wazo lililonikosesha usingizi: frottoir, ala ya zydeco, lile bati la migongo la kuvaa kifuani na kukwaruzwa kwa vijiko, ambalo Chenier alimwelekeza Willie Landry kulitengeneza mwaka 1946. Kwa nini nilichore, wakati naweza kufunga bati lenyewe ukutani, kimo cha kifua cha mtoto wa miaka saba, na nafasi ya vidole viwili nyuma yake ili ukuta upumue?

Jana nilikiegemeza kipande cha majaribio kwenye matofali, nikageuka kutafuta kalamu. Nyuma yangu nikasikia *kwaru, kwaru-kwaru*. Mzee ameinuka kitini, ana vijiko viwili mkononi.