Singa za Kung'oa

Jumatatu asubuhi meza yangu hujaa bahasha. Kila bahasha ina fomu moja na singa za shingo ya farasi, ishirini au thelathini hivi, zimebanwa kwa selotepu. Sharti ziwe zimeng'olewa. Mwenye kuzikata kwa mkasi tunamwandikia alete nyingine, kwa sababu tunachotaka ni ule mzizi, kitone cheupe kama yai la chawa kilichokaa nchani. DNA nzuri imo humo. Navikata vitone hivyo, navitia kwenye kijichupa chenye dawa ya kuyeyusha, na ikifika Jumatano najua baba wa farasi ni nani. Ndiyo kazi inayonilipia kodi ya nyumba hapa Lexington, Kentucky.

Mara ya kwanza kumweleza mama kwa simu, yuko barazani kwetu Langoni, Lamu, alinyamaza kidogo. Kisha akauliza: "Kwani farasi nao hukana watoto, mwanangu?"

Wanaokana ni wenye pesa, mama. Farasi wa mbio wa aina ya Thoroughbred haruhusiwi kuzaliwa kwa uhimilishaji, ule wa daktari kuja na mrija kama kwa ng'ombe wa maziwa wa bara. Lazima dume na jike wakutane. Jike hupakiwa kwenye lori, akapelekwa shamba alipo dume, na mwenye jike hulipa. Kuna dume aitwaye Into Mischief, yuko viungani mwa mji huu, na mwaka 2023 ada yake ilikuwa dola 250,000. Pesa hulipwa mtoto akizaliwa akasimama akanyonya. Mikataba ndivyo inavyosema, asimame na anyonye. Sasa utoe pesa hiyo, halafu kumbe jike alikwisha pandwa na dume mwingine kabla, au vitoto viwili vimebadilishana zizini usiku! Ndiyo maana The Jockey Club, wenye daftari la ukoo wa farasi hawa hapa Marekani, walianza kudai kipimo cha damu mwaka 1987, na tangu watoto waliozaliwa 2001 wanataka DNA. Bila hiyo jina haliingii daftarini, na asiye daftarini hakimbii.

Kazi yenyewe si uchawi. Ndani ya DNA pana mahali ambapo herufi mbili, C na A, hurudiwarudiwa kama mtu mwenye kigugumizi: CACACACA. Farasi mmoja hurudia mara kumi na tano, mwingine ishirini. Hatusomi DNA nzima. Tunapima urefu wa vigugumizi hivyo mahali kadhaa, na kila mahali pana jina la kifundi, AHT4, HMS7, VHL20 na ndugu zake. Kila urefu umepewa herufi yake. Farasi huwa na herufi mbili kila mahali, moja ya mama na moja ya baba. Mtoto akiwa na H na O pale AHT4, na mama yake ana H na K, basi hiyo O haina budi kutoka kwa baba. Dume tuliyeandikiwa ana J na M? Si yeye. Mahali pamoja pakikataa tunarudia kipimo, maana DNA nayo huteleza ikijinakili. Pakikataa mawili matatu, tunaandika barua ambayo hakuna apendaye kuipokea.

Sikuja huku kwa ajili ya farasi. Nilikuja kusoma baiolojia, na maisha yakanisukuma nilikosukumwa. Kwetu farasi ni wa hadithi. Mnyama ni punda. Babu alikuwa nao watatu wa kuchukua mchanga na mawe kutoka jahazini hadi kwa mafundi, na kabla sijajua kusoma nilikuwa najua punda mgonjwa kwa namna anavyoshusha masikio. Kwenye usaili nikaulizwa kama nimewahi kumshika mnyama wa jamii ya farasi. Nikajibu kwamba nimekuwa nikipigwa mateke nao tangu nina miaka sita. Wakacheka, kazi nikapata.

Na niseme hili kwa fahari, mnivumilie. Mwaka 2021 timu ya Ludovic Orlando wa Toulouse, Ufaransa, ilichunguza DNA ya mifupa ya kale na kuonyesha kwamba farasi wote wa kufugwa wa leo chimbuko lao ni nyika za kusini mwa Urusi, kati ya mito Volga na Don, miaka 4,200 hivi iliyopita. Mwaka uliofuata ikaja zamu ya punda. Yeye alifugwa mara moja tu, takriban miaka 7,000 iliyopita, Afrika, na DNA ikaelekeza kidole upande wetu, Pembe ya Afrika na Kenya. Niliichapa makala hiyo nikaibandika kwenye mlango wa friji ya sampuli. Mkubwa wangu, mzaliwa wa Kentucky ambaye hata tai yake ina viatu vya farasi, alisoma, akanitazama. Nikamwambia nyinyi mlipokuwa bado mnamwinda farasi mumle, sisi punda tumeshamtwika mzigo.

Punda dume akimpanda farasi jike huzaliwa nyumbu. Farasi ana kromosomu, yaani vifurushi vya DNA, 64, punda 62, nyumbu hubaki na 63, hesabu isiyogawanyika kwa mbili, na ndiyo sababu karibu wote ni tasa. Kiswahili hapa kimetuchanganya, maana jina hilohilo tumempa yule wa kuvuka mto Mara. Siku moja nilikuwa nawatafsiria wafanyakazi wa shamba mafunzo ya usalama, nikasema msisimame nyuma ya nyumbu, kijana wa Nakuru akadakia: "Buda, kwani wamehamia hadi huku?"

Ukikaa na watu wa farasi utachoka kusikia habari za madume. Kila Thoroughbred, wanakuambia, kwa upande wa baba anafika kwa mmoja wa madume watatu waliopelekwa Uingereza kutoka nchi za Mashariki miaka mia tatu iliyopita: Byerley Turk, Darley Arabian, Godolphin Arabian. Ni kweli. Utafiti wa Dublin wa mwaka 2001 ulikuta kwamba asilimia 95 ya madume wa leo wanaishia kwa Darley Arabian peke yake. Lakini Emmeline Hill na wenzake, wa Dublin vilevile, walipoifuatilia jeni ya myostatini, ile inayoamua kama farasi ni wa mbio fupi au ndefu, walikuta kwamba ile aina ya kasi haikuja na Waarabu hao mashuhuri. Inaelekea ilitoka kwa jike mmoja wa Uingereza. Jina lake hakuna aliyeliandika.

Haya, sasa nimfikie Yaya.

Lexington ina Wakongo wengi kuliko mtu angedhani. Kiswahili nakisikia kwenye basi, dukani, kwenye foleni ya hospitali. Jirani yangu wa chini ni mama wa Fizi, Kivu Kusini, amenizidi miaka kama kumi na tano. Siku tuliyojuana nilimuuliza nimwiteje, akasema, "Uniite Yaya." Nikaona haya. Kwetu Kenya yaya ni msichana wa kulea watoto, nitamwitaje mtu mzima hivyo? Ilinichukua wiki kujua kwamba kwao ni dada mkubwa, na kwamba amenipa heshima, sikumpunguzia yeye.

Yaya hufanya kazi ya usiku kwenye shamba la farasi. Kuanzia Januari hadi Mei, majike wanapozaa, yeye hukaa na tochi, chai ya chupa na simu ya daktari wa mifugo. Majike huzaa usiku wa manane, ukipepesa macho yamepita. Mtoto wa farasi yeye humwita "katoto", na hunitumia video zao alfajiri, miguu mirefu kama mtu anayejifunza kutembea juu ya mironjo.

Jioni moja mwaka 2023 alinikaribisha bugali na sombe (kisamvu chetu, ila wao hukitwanga hasa). Alisubiri ninawe mikono, akaniwekea fomu mezani.

"Ndugu, weye unafanyaka hii kazi ya DNA. Ile mashine itasema huyu ni mtoto wangu?"

Mtoto alikuwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, na umri wa miaka kumi na sita. Ni wa dada yake. Dada alifariki akamwacha wa wiki mbili, na Yaya wakati huo alikuwa na wake mchanga, akawanyonyesha wote, huyu titi hili na yule titi lile. Wakakua kama pacha. Ila kwenye kadi ya mgao yule mmoja aliandikwa kwa bibi yake, kwa hiyo familia ilipoitwa kuja Marekani, jina lake halikuwemo. Sasa alitaka kumwombea aje. Mtu mmoja wa kumsaidia kujaza fomu alikuwa amemwambia aandike tu ni wa kumzaa.

Nilichukua bili ya umeme, nikaigeuza nyuma, nikamchorea herufi. Mama na mtoto lazima wagawane herufi moja kila mahali. Mama mdogo na mtoto wa dada yake hugawana DNA kama robo hivi. Mahali pengine zitakubali, pengine zitakataa, na mashine haitasema "karibu ni wake". Itasema si wake. Na hapo ombi zima huonekana uongo.

Nilijua pia sharti hilo la DNA lilikotoka. Mwaka 2008 Marekani ilifanya majaribio ya DNA Nairobi kwa waliokuwa wakiomba kuungana na jamaa zao, matokeo mengi hayakulingana na maelezo, mpango ukasimamishwa. Uliporudi mwaka 2012 ulikuja na DNA kwa kila anayesema huyu nimemzaa. Wengine walidanganya kweli, hilo silikani. Ila kuna waliosema "mwanangu" kama tusemavyo sote.

Yaya aliitazama ile bili muda mrefu.

"Nilimunyonyesha miaka mbili," akasema. "Maziwa haiingiake mu damu?"

Kwetu Lamu swali hilo lina jibu, na hata mtoto wa chuoni analijua. Aliyekunyonyesha utotoni ni mama yako. Wanawe ni ndugu zako, huwezi kuwaoa. Nina dada wa kunyonya Mkomani ambaye sijawahi kukaa naye mbali kama mgeni, na mama yake nikienda namwamkia kama mamangu. Sheikh hahitaji kipimo, anahitaji mashahidi waliomwona mtoto titini. Nikamweleza Yaya hayo yote, yeye Mprotestanti, akawa anatikisa kichwa kukubali. Kisha akauliza fomu ina kisanduku cha hayo? Hakuna. Kipo cha kuzaa, cha kambo na cha kuasili kwa hati.

Nilimshauri aandike ukweli. Akaandika. Wakamwomba hati za mahakama za kuasili, kitu ambacho mtu aliyekimbia na vikoi viwili hawezi kuwa nacho, na kutafuta njia ya kuzipata kukala mwaka na zaidi. Januari 2025 mpango wa kupokea wakimbizi ukasimamishwa kwa amri ya rais, faili likabaki lilipo. Kuna siku najilaumu, kuna siku najiambia kipimo kingemwumbua hata hivyo.

Machi hiyo, saa tisa za usiku, simu ikaita. Si video ya kawaida. Jike alikuwa amekufa kwa kutokwa damu na katoto kako hai, kanatetemeka chini ya blanketi. Yaya alinionyesha alfajiri walivyomleta jike mwingine kwa gari la kukokotwa, wa kukodi, hapa huwa wapo kwa kazi hiyo. Wakampaka Vicks puani asisikie harufu ngeni, wakamshika kichwa. Mara mbili akakapiga teke. Mara ya tatu akageuza shingo, akakaacha kakanyonya, na kwenye simu nasikia Yaya anamwambia yule jike kwa Kiswahili, polepole, "Njo vile, mama. Njo vile."

Wiki kadhaa baadaye bahasha ya shamba lile ikafika kwangu. Nikakata vitone, nikasubiri mashine. Herufi zilikubali zote, baba sawa, mama sawa: yule marehemu, ambaye DNA yake tulikuwa nayo kwenye faili tangu alipokuwa mtoto.

Yaya alinipigia kuuliza majibu. Nikamsomea.

"Na ule wa maziwa mumeandika wapi?"

"Hatujamwandika, Yaya."

Kimya. Nikasikia mwiko ukigonga sufuria.

"Utakuya kula Jumapili?"

Nikasema nitakuja.