Geza Ulole

Asubuhi umati wa pantoni hutoka Kigamboni kuja mjini. Mimi na mdogo wangu tulikuwa tunakwenda kinyume, kwa hiyo kwa shilingi 200 kila mmoja tulipata hata pa kukaa. Bado giza. Mama tulimwambia tunakwenda kutazama kiwanja, na hatukuona kama ni uongo mkubwa, maana mtu wa Dar akivuka kwenda Kigamboni lazima atatazama kiwanja, hata kama anakwenda msibani.

Tulichukua bajaji, tukapita Mjimwema, tukaelekea Gezaulole. Dereva aliposikia tunakwenda kuruka angani alicheka mpaka akapunguza mwendo. "Basi mmekuja penyewe," akasema. Gezaulole ni Kizaramo, geza ulole, jaribu uone. Enzi za Mwalimu kilikuwa kijiji cha ujamaa, na nadhani aliyekipa jina alikuwa anafikiria jembe, si mtu mzima wa Temeke atakayekuja kufungwa kifuani mwa mwenzake kama mtoto kwenye mbeleko.

Maana ndivyo unavyoruka usipojua kuruka: watu wawili, bawa moja la kitambaa, abiria mbele na rubani nyuma. Rubani wetu, kijana mpole mwenye ndala, alijifunzia Kenya, Bonde la Kerio. Huko unakimbia kutoka juu ya ukingo na hewa ya joto inayopanda kutoka bondeni inakubeba bila injini yoyote. Dar ukiuliza mlima utaonyeshwa Pugu. Kwa hiyo yeye hubeba injini mgongoni, yenye pangaboi ndani ya fremu ya duara, inayotumia petroli iliyochanganywa na oili na kulia kama mashine ya kukatia nyasi. Ndege za uwanja wa Kipawa haziko mbali, na kabla ya lolote alipiga simu kuulizia kibali chake cha asubuhi hiyo. Alituambia tutaruka chinichini na hatutakwenda mbali na ufukwe.

Alinipima. Nilikuwa nimemwambia kwa simu kwamba nina kilo 80. Mizani ikasema 92. Hakunicheka, aliandika tu kwenye daftari na kutazama upepo, jambo lililoniuma kuliko kucheka.

Bawa lilitandazwa mchangani. Nilizoea kuliita parachuti, naye kila mara alinisahihisha. Ukilitazama karibu unaona kwa nini. Ukingo wa mbele una midomo mingi iliyo wazi, kama foronya zilizoshonwa ubavu kwa ubavu. Hewa ikiingia kwenye midomo hiyo haina pa kutokea, kitambaa kinajaa na kukakamaa, na kile kilichokuwa shuka kinakuwa na umbo la bawa la ndege. Lile la watu wawili lina kama mita za mraba 40. Sebule yangu haifiki hapo. Kamba zake nyembamba kama za viatu zilinitia hofu, nikazishika mojamoja, nikaacha, maana nilikuwa nazitafutia kosa.

Mzee mmoja alikuwa anashona nyavu chini ya mti wa mkungu. Tukamwamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu." Akalitazama bawa kwa muda. "Tanga gani hili halina foromali?" Foromali ni ule mti unaoshikilia tanga.

Rubani akamweleza, akaeleza vizuri, na mzee akasikiliza kama fundi anavyomsikiliza fundi mwingine. Kisha akasema: "Hamruki sasa. Huu ni umande."

Nilidhani anasema nyasi zimelowa. Kumbe umande ndio upepo wenyewe, ule wa alfajiri unaotoka bara kwenda baharini, unaowatoa wavuvi bila kupiga kasia. Na bawa huruka kwa kuukabili upepo. Kuukabili umande maana yake tukimbie kuelekea nchi kavu, na nchi kavu mbele yetu ilikuwa safu ya minazi. Rubani alikuwa ameshaliona hilo. Alichotaka kujua ni lini utageuka. Ilikuwa Novemba, maleleji, kusi imeshaondoka na kaskazi haijashika, na siku hizo upepo hauna bwana.

"Utakata saa tatu," mzee akasema. "Patakuwa shwari. Halafu utatoka baharini, mdogomdogo. Ukishatoka msichelewe, jua likipanda nchi kavu inachemka na upepo unakuwa na mateke."

Tukakaa. Safari hii nikiisimulia watu wanataka nifike angani haraka, lakini sehemu kubwa ilikuwa hii, kukaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa tukitazama kipande cha utepe mwekundu kilichofungwa kwenye fito. Nimeishi Dar miaka yote na upepo kwangu ulikuwa kitu cha kufungulia dirisha. Kwa mara ya kwanza niliutazama kama mtu anavyotazama simu akisubiri muamala. Mdogo wangu alinunua mihogo ya kukaanga. Mimi rubani alinikataza, nikala miwili.

Saa tatu na dakika chache utepe ulining'inia kama umekufa. Baadaye ukatikisika, ukaelekea kwetu kutoka baharini. Nikafungwa. Alikagua mikanda ya miguu, ya kifua, kofia, ndoano zinazoniunganisha naye, kisha akarudi tena kwenye ya miguu. "Hii ndiyo watu wanaisahau," akasema. "Ukiruka bila hii kiti kinapanda, wewe unateremka." Halafu akanipa sheria moja: nikimbie, na nisikae mpaka aseme.

Nilikaa.

Sijui niseme nini. Bawa lilipanda juu yetu kwa mshindo laini, nikahisi kama mtu amenikamata mabegani na kunivuta juu, na mwili wangu ukaamua wenyewe kwamba tayari tumeruka. Hatukuwa tumeruka. Kilo 92 zilimwangukia kijana wa watu magotini, sote wawili tukaburuzwa, bawa likalala upande kama ng'ombe. Watoto waliokuwa wanakwenda kuoga walipiga makofi. Mdogo wangu alirekodi yote, na hiyo ndiyo video iliyozunguka kwenye kundi la ukoo, si ile nyingine. Mama aliiona kabla hatujapanda pantoni ya kurudi.

Mara ya pili maji yalikuwa yamekupwa zaidi na tulikuwa na mchanga mgumu mbele yetu. Nilikimbia. Nilikimbia hata baada ya ardhi kuisha, miguu inapiga hewa, mpaka nikasikia sikioni, "Kaka, sasa unaweza kukaa."

Nilitegemea tumbo kuruka kama kwenye daladala inaposhuka daraja kwa kasi. Halikuruka. Unaning'inia umeketi, na nchi inashuka taratibu chini ya viatu vyako. Mita kama 150, rubani alisema. Kelele ya injini ni kubwa, na mwendo ni mdogo kuliko bodaboda. Kaskazini niliona meli zimetia nanga zikisubiri zamu ya bandari, na nyuma yake minara ya Posta ndani ya ukungu. Mbele yetu visiwa vya Sinda, ambavyo kutoka ufukweni ni mistari miwili ya kijani, vilikuwa na mkufu mweupe wa povu ukivizunguka.

Lakini nilichokitazama zaidi kilikuwa chini kabisa. Kina mama walikuwa mwambani wanatafuta pweza, kanga zimefungwa juu ya magoti, kila mmoja na fimbo yake. Kivuli cha bawa letu kilipita juu yao. Mmoja akainua uso, akaweka mkono juu ya macho, na kwa kuwa nilikuwa nimeikamata mikanda kwa mikono yote miwili nilimpungia mguu. Akapunga fimbo.

Maji ya kina kifupi kutoka juu yana madoa meusi mengi. Ni majani ya baharini, rubani alinipigia kelele. Doa moja, upande wa kusini wa kisiwa kilicho karibu na pwani, lilikuwa linanyooka na kujikunja. Nilimwonyesha. Akalizunguka mara moja, akageuza.

Karibu na ufukwe alizima injini. Hapo ndipo nilipoisikia hewa ikipita kwenye kamba, mlio mwembamba kama wa chelewa. Sijawahi kupenda ukimya namna ile, na haukudumu hata dakika mbili. "Simama," akasema, akavuta mikono yote chini, nikasimama, nikapiga hatua tatu, nikawa tena mtu wa Temeke mwenye mchanga kwenye soksi.

Mzee alikuwa ameacha nyavu zake, amesimama pale tulipotua. Sikupewa hongera.

"Madoa umeyaona?"

"Nimeyaona, mzee."

"Lipo linalotembea?"

Nikamwonyesha kwa kidole, kusini ya kisiwa, karibu na pale povu linapokatika. Akaniuliza mara mbili, linakwenda wapi, lina ukubwa gani, kama uwanja wa mpira au kama nyumba. Kama nyumba, nikasema, nyumba kubwa. Akageuka akamwita mwanawe, ambaye alikuwa amelala ndani ya ngalawa na shati juu ya uso, akamwambia aamke alete kasia.