Kayamba na nyatiti
Wallahi jana nimecheka mpaka machozi. Darasa letu la sanaa huku Likoni tumewabadilishia watoto ala, wa Kidigo wapige nyatiti, ala ya nyuzi ya Kijaluo, Wajaluo wa kutoka Changamwe wapige kayamba letu la pwani, lile la kutikisa. Mwanzo ilikuwa ni maneno tu, sijui wabara wana kelele, sijui wapwani wavivu, na mtoto wa miaka 9 kayatoa wapi kama si majumbani kwetu? Basi nyatiti ina nyuzi 8 na kidole gumba cha mguu wavaa pete ya chuma ya kugongea, kijana wangu kahangaika mpaka kakasirika, yule mwenzake Mjaluo kamshika mkono akamuonyesha polepole. Kurudi feri wanagawana viazi karai, wanafundishana kuamkia nyanya zao kilugha, mi nyuma nimebebeshwa makayamba yote.