Pavema ya nyumba Goma: devi ya fundi inaficha nini

Devi nyingi (hesabu ya bei ya fundi) za pavema (sakafu) zina mistari mitatu tu: beto (zege), shape (tabaka la kusawazisha), karo (vigae). Mwenye nyumba anatazama jumla ya chini, anaanza kubembeleza bei, fundi anakubali. Bei imeshuka kwa sababu kuna tabaka limetolewa, na kwa kuwa jina lake halikuandikwa, hakuna atakayeliuliza.

Tuanze chini kabisa. Goma tunajenga juu ya lava, na kwenye mitaa iliyofunikwa Januari 2002 nyumba imekalia mwamba wenyewe. Mwamba ni mgumu, hilo halina ubishi, lakini haulingani: hapa kichwa cha jiwe, pale shimo, na mara nyingine chini ya gamba kuna uwazi. Gonga kila mahali kwa mtaimbo. Panapolia wazi, vunja gamba ujaze mawe. Vichwa vinavyochomoza navyo vikatwe, kwa sababu beto ikiwa na sentimita 3 juu ya jiwe na 12 pembeni yake, ufa utapita palepale kwenye jiwe.

Kujaza mashimo ndiko mafundi wanakoita rambule. Unajaza tabaka la sentimita 20, unamwagia maji, unashindilia, ndipo unaweka lingine. Ukimwaga nusu mita kwa mara moja, utashindilia juu tu. Chini patashuka polepole, na baada ya misimu miwili ya mvua pavema itakuwa inaning'inia. Vipande vya mbao, mifuko na udongo wenye mizizi visiingie humo.

Juu ya rambule kuna eriso, na hili ndilo tabaka linalopotea kwenye devi kuliko yote. Ni mawe ya sentimita 15 hadi 20 yaliyopangwa kwa mkono, yakisimama, yakikazwa kwa kokoto. Unyevu wa ardhini hupanda kwa kupenya matundu madogo. Ukikuta uwazi mkubwa kati ya mawe, unakwama. Kwa hiyo fundi anayemwaga mchanga mpaka mapengo yote yajae ameua kazi ya eriso, hata kama kwa macho anaonekana ameisafisha vizuri. Kisha inatandikwa plastiki nene ya mikroni 200, vipande vikipandana angalau sentimita 20 na kingo zikipanda ukutani. Bila hivyo viwili, rangi ya ukuta itaanza kubanduka chini, juu kidogo ya plente (ukanda wa karo wa chini ya ukuta).

Beto ya chumba cha kawaida iwe na unene wa sentimita 8 hadi 10. Kwa mita moja ya ujazo hesabu mifuko 6 ya simenti ya kilo 50, lita 400 za mchanga na lita 800 za kokoto. Kokoto zetu za volkano, hasa zile nyepesi zenye matundu, zinakunywa maji. Ziloweshe kabla ya kuchanganya. Fundi asipolowesha, beto inakuwa ngumu kwenye sepetu, anaongeza maji, dakika kumi baadaye anaongeza tena. Simenti haihitaji maji yote hayo; yanayozidi hukauka na kuacha vitundu, na nguvu inapungua. Mchanga upime kwa chupa ya kioo: jaza nusu, ongeza maji, tikisa, acha saa chache. Tope jembamba litakaa juu ya mchanga. Likiwa nene kupita sehemu moja ya kumi, osha mchanga au mrudishie aliyekuuzia.

Shape ni kitu kingine, na wengi wanaichanganya na beto. Ni mota ya simenti na mchanga bila kokoto, ndoo 1 kwa 4, unene sentimita 4 au 5, nayo ndiyo inayosawazisha. Beto ikiwa imeshakauka, ifagie, iloweshe, ipake simenti iliyokorogwa kama uji, umwage shape kabla uji huo haujakauka. Usipofanya hivyo shape italia wazi ukiigonga. Chumba kikizidi mita 25 za mraba kiachiwe jointi (pengo) ya mgawanyo, na mlangoni pia, maana mota hupungua inapokauka: usipoichagulia pa kupasukia, itajichagulia. Maji asubuhi na jioni kwa siku 7. Shape inayotoa unga kila ukifagia ilikauka haraka, au fundi alinyunyizia simenti kavu juu ya maji yaliyotuama ili alainishe upesi.

Kwenye karo, jua tofauti ya feyansi na gre seram. Feyansi ni ya ukutani, sakafuni itavunjika. Dondosha maji mgongoni mwa karo: yakinywewa mara moja ni feyansi, yakibaki juu ni gre. Kwenye boksi soma toni na kalibre, na zilingane kwenye maboksi yote. Toni ni rangi, kalibre ni kipimo halisi. Kalibre mbili tofauti zitapindisha jointi hata fundi awe na mkono gani.

Karo ya 60 kwa 60 ipakwe kole (gundi ya karo) pande mbili, sakafuni kwa taloshi (mwiko) yenye meno na mgongoni pia. Mafundi wa haraka wanaweka mafungu matano, manne pembeni na moja katikati. Chini kunabaki uwazi, na siku sufuria ikianguka juu yake karo inapasuka. Jointi isipungue milimita 2 au 3, na ukutani acha milimita 5 hivi bila kujaza, plente itaziba. Karo zinazoinuka katikati ya chumba mara nyingi zilibanwa ukutani. Bafuni, mteremko wa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita kuelekea sifo (tundu la kutolea maji), na mteremko huo unatengenezwa kwenye shape, si kwenye kole.

Chumba cha mita 4 kwa 3.5 ni mita 14 za mraba. Beto ya sentimita 8 itakula mifuko 7, shape ya sentimita 4 mifuko 4. Karo ongeza asilimia 10 za kukatwa, 15 zikiwekwa mshazari. Boksi la karo nne za 60 kwa 60 lina mita 1.44, basi nunua 11. Kole, ikipakwa pande mbili, ni kilo 7 hivi kwa mita ya mraba, yaani mifuko 4 ya kilo 25. Plente mita 14 na kidogo, ukitoa mlango.

Jambo moja la hapa kwetu tu. Upande wa magharibi, kuelekea Sake, na kwenye mabonde, kuna mazuku: gesi ya kaboni dioksidi isiyo na harufu, nzito kuliko hewa, inayokaa chini na kuua. Ufa wa pavema ni mlango wake. Baada ya mlipuko wa volkano wa Mei 2021 na matetemeko yake nyufa zilifunguka mjini, kwa hiyo ufa mpya katika chumba cha chini usiuzibe ukaridhika. Weka matundu ya hewa chini ya ukuta, usawa wa sakafu, na watoto wasilale humo chini.

Karo zinazobaki zisigawiwe majirani. Weka boksi moja na karatasi yake yenye toni, kwa sababu bidhaa ijayo dukani haitafanana.